Bondia wa Nyumba ya Wanawake

Ukitaka kumjua bondia wa Bukom, mtaa wetu, usimtazame pua. Pua zilizovunjika tunazo wengi, hata baadhi ya wachuuzi wa samaki. Msikilize anapopita. Bondia wa kweli akikatiza uwanjani lazima mtu ampigie kelele, hata kama ni za kumtukana. Na akipanda ulingoni hapa nyumbani, mpiga ngoma wetu, Ataa Oblitey, humwita kwa ngoma: jina lake, la baba yake na la babu yake, na mtaa mzima huitikia hadi mabati yakatetemeka. Ambaye hajawahi kuitwa hivyo, kwetu ni mtu anayejua kupigana tu.

Okailey alikuwa ameshinda mapambano tisa, na hata moja halikufanyika Bukom. Kumasi walimzomea, Lome walimzomea, Kotonu walimtupia maganda ya machungwa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwa na binti anayerusha ngumi. Miaka minne mfululizo kocha wake, Quarshie, aliwaendea wazee wa ngumi kuomba apigane nyumbani, na miaka minne alijibiwa neno lile lile, kwamba ngumi ni za nyumba ya wanaume.

Maana kwetu wanaume wana nyumba yao na wanawake wana yao. Mume analala kule, mke huku, na chakula cha jioni ndicho kinachovuka njia. Okailey alilelewa katika nyumba ya wanawake kumi na mmoja na chungu cha komi kisichopoa. Mama yake, Awo Dedei, aliuza komi, yale madonge ya ugali mchachu, na tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja Okailey ndiye aliyesonga. Unga wa mahindi uliochachuka ukianza kushikana ndani ya chungu cha kuingia mbuzi mzima, mkono peke yake hauwezi. Husongwa kwa goti, kwa kiuno na kwa bega. Siku moja Quarshie alikuja kununua komi na samaki wa mchana, akamkuta binti yuko kwenye mwiko, akasimama hapo mpaka samaki wake akapoa.

"Awo Dedei," alisema, "nani kamfundisha huyu kugeuza kiuno namna hii?"

"Tumbo lako," alijibu Dedei. "Mnakula mno, nyie wanaume."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Na mimi nasema bila aibu kwamba ile ngumi yake ya kushoto, ya upande, inayotoka chini kama inakwangua kitu kilichogandia chunguni, sijaona mwanaume wa Bukom mwenye mfano wake, na wanaume wa Bukom nimewaona wote.

Basi bahati ikaja, ikaja imevaa viatu vya kushoto. Serwaa wa Kumasi, bingwa wa Afrika Magharibi, dada mrefu mwenye ngumi ya kulia ya kuzimisha taa, alikubali kuja kutetea mkanda wake Bukom kwenyewe. Wazee wangekataaje bingwa? Walikubali. Lakini mwandalizi wa pambano hakuwa mtu wa Ga, kabila letu, akachagua tarehe bila kumuuliza mtu. Jumamosi aliyoichagua ikaangukia ndani ya ule mwezi ambao makuhani wameshapanda mtama wa sikukuu na mji mzima umefungwa kelele. Hakuna ngoma, hakuna filimbi, hakuna makofi. Hata msiba husindikizwa kimya kimya.

Kuahirisha, Serwaa hakutaka, ana mapambano mengine yanamngoja. Wazee na makuhani walikaa siku mbili, wakatoka na uamuzi. Pambano liwepo, saa kumi jioni, ila kengele isipigwe, bendera ipandishwe. Ukisikika ukelele mmoja tu, watu wa makuhani wanafunga uwanja na bingwa anaondoka na mkanda wake.

Watu wa Bukom, ambao hata salamu wanapeana kama wanagombana, wakae kimya raundi nane. Mji mzima ulicheka.

Okailey hakucheka. Alikuwa anasonga unga, na machozi yake hayakuwa ya moshi.

"Miaka minne nangoja waniite," alimwambia mama yake. "Leo wanakuja, midomo imefungwa. Nitajuaje kama wamenikubali?"

"Si wanakuja? Unataka nini tena?"

"Nataka kuwasikia, Awo."

"Hilo kawaulize makuhani," alisema Dedei. "Koroga, unaungua."

Siku ilipofika uwanja ulijaa tangu saa nane. Wazee wa ngumi walikaa mstari wa mbele, Ataa Oblitey katikati yao, mikono juu ya magoti, hajui pa kuiweka bila ngoma. Wanawake wa nyumba ile walikuja wote kumi na mmoja, kina mama wa komi wakawafuata, wakajaza upande mzima. Watu wa makuhani, mashuka yao meupe begani, walisimama kila kona.

Bendera ilipopanda, vilisikika viatu. Sijawahi kujua kwamba ulingo una sauti nyingi hivyo. Viatu vinavyokwaruza turubai, pumzi zinazotoka puani, kamba zinazolia, na glovu ikigonga ubavu, sauti nene, kama gunia la mahindi linatuliwa sakafuni. Siku nyingine zote kelele zetu zilikuwa zimetuficha mambo hayo. Raundi ya kwanza na ya pili Okailey alicheza kwa akili, akiingia chini ya ule mkono mrefu, anagusa, anatoka, kichwa chake hakikai mahali pamoja. Quarshie alikuwa akimnong'oneza kwenye kona kama mgonjwa: "Mwili. Mpige mwili. Kichwa chake kiko mbali, kiache."

Lakini ule ukimya ulikuwa unamla. Amezoea kuzomewa, na mwenye kuzomewa anajua angalau watu wapo. Raundi ya tatu ilimjia fikra kwamba wazee wameondoka. Bukom mzee asiyependezwa hakutukani, anachukua fimbo yake na kwenda zake. Atajuaje kama hawajaenda? Akageuza macho, kidogo tu, kuutazama mstari wa mbele.

Ngumi ya kulia ya Serwaa ilimkuta hapo hapo. Alianguka chali, miguu upande mmoja na fahamu upande mwingine.

Mwamuzi alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, anaonyesha vidole. Okailey alipinduka akawa amelala ubavu, shavu juu ya turubai, na kutoka pale chini ndipo alipoiona Bukom. Hakuna aliyeondoka. Hakuna hata aliyekaa. Wanawake walikuwa wamejisokomeza vilemba mdomoni. Kijana wa bucha alikuwa amemziba mwenzake kinywa na mwenzake amemziba yeye. Awo Dedei alikuwa ameuma kanga yake kwa meno yote, shingo imemtoka mishipa. Na Ataa Oblitey, ambaye miaka minne alisema ngumi ni za nyumba ya wanaume, alikuwa ameing'ata kofia yake, machozi yanamtoka, na vidole vyake vinapiga hewani, haraka haraka, ngoma isiyokuwepo.

Kumbe walikuwa wanampigia kelele muda wote.

Alisimama kwenye nane. Mwamuzi akamtazama machoni, akamruhusu. Na kuanzia hapo, jamani, ngumi zilipigwa. Serwaa alikuja kummaliza, akamkosa mara tatu mfululizo kwa nafasi ya unywele, na kila alipokosa alilipishwa ubavuni. Okailey hakutazama tena nje. Raundi ya nne alimrudisha bingwa nyuma, raundi ya tano akamkalisha kwenye kamba na kumpa ngumi sita bila hata moja kukosa njia, na bingwa naye akajibu kama bingwa, damu ikatoka pande zote mbili. Serwaa hakuwa mtu wa kubebwa, tumpe haki yake. Mzee mmoja alizimia kwa kujizuia, akatolewa nje kimya kimya kama mzigo wa samaki.

Raundi ya sita ngumi ya kulia ya Serwaa ilitoka tena, ile ile. Safari hii Okailey aliinama, ikapita juu ya nywele zake, na akiwa kule chini akalikunja goti, akageuza kiuno, na mkono wa kushoto ukapanda kutoka chini kabisa. Ngumi ilipiga chini ya mbavu. Sisi tuliokaa mbali tuliisikia. Serwaa alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, kisha akapiga goti, akashindwa kunyanyuka.

Vidole kumi. Watu elfu tatu, na ungesikia nzi. Kisha vitambaa vyeupe vilianza kupungwa, kimoja, kumi, vyote, na watu walikuwa wanalia huku wamejishika vinywa. Watu wa makuhani wenyewe walikuwa wameinua mashuka yao. Okailey alivalishwa mkanda, akashuka akapita katikati yetu, na kila aliyeweza alimgusa glovu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini yeye alikwenda kulala bila kuitwa jina.

Wiki tatu baadaye makuhani waliufungua mji. Adhuhuri ngoma ya mji ilipopigwa, kila mwenye sufuria aliigonga, na kila mwenye koo alilitumia. Okailey alikuwa jikoni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, maana siku kama hiyo mji unakula. Ataa Oblitey alisimama mlangoni pa nyumba ya wanawake, ngoma kwapani, hakuvuka kizingiti.

"Awo Dedei," alisema, "nimekuja kwa shida. Nyumba yetu naijua majina yote. Hii yenu siijui. Nikimwita huyu binti, nimwite wa nani?"

Dedei alijifuta mikono kwa kanga. Akamwonyesha binti yake kwa mkono: sema wewe.

"Okailey," alisema Okailey, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Wa Dedei. Wa Tsotsoo, aliyeanzisha chungu hiki."

"Polepole," alisema mzee, anaiweka ngoma sawa. "Rudia la bibi yako. Watu wote hawa nje wanangoja kuitikia, sitaki nikosee."