Anataka Nimpeleke Kwenye Mti wa Pichani

Bwana Mhariri, chapisha haya lakini jina langu lifiche, nanyi wasomaji nisomeni hadi mwisho kabla ya kunitukana. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, na ni karani wa mizigo hapa stesheni ya Itigi. Sina mke. Nina kamera ya sanduku, na majivuno ya kamera hiyo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Kila likizo nilipiga picha za kwetu. Watu wa huku wamezoea kichaka kikavu, ukiwaambia kuna ziwa lisiloonekana ng'ambo wanakucheka, basi nilizigonga picha zangu kwenye ubao nje ya nyumba: miamba iliyobebana, mashamba ya mpunga, ufuko wa kwetu asubuhi. Jumapili walijaa kutazama, nami nikiwaeleza njia nzima, gari moshi mpaka Tabora, ubadilishe kwenda Mwanza, kisha meli. Nilijiona mwenye kisiwa.

Rafiki yangu kuliko wote alikuwa mrina asali, nitamwita Ntandu, ingawa si jina lake. Siku moja alisimama mbele ya picha ya mti wa ufukweni. Haina mtu, ina mti na mzinga wa gogo wenye alama ya kuchonga, duara na mikato mitatu. Niliupenda ule mchongo, ndiyo maana niliusogelea.

"Huu mzinga kautundika nani?" akauliza.

"Shemeji yangu, mume wa dada. Alitoka bara miaka mingi iliyopita, mtu mpole, nyuki wanamjua."

Ningekuwa na akili ningeshtuka. Huku kila ukoo una alama yake ya mizinga. Mtu anaweza kubadili jina na kijiji, lakini akishika patasi mkono unachonga kile alichofundishwa na baba yake. Mimi mtoto wa wavuvi ningejulia wapi? Ntandu alicheka tu, akasema, "Likizo ijayo twende wote, bwana, nikayaone hayo maji." Nilifurahi kama mjinga.

Nilimpeleka mwenyewe. Mama yangu alimpokea, "Karibu mwanangu, mgeni njoo mwenyeji apone," akampikia wali na samaki. Mchana nikamvuta mpaka kwenye ule mti, na shemeji akaja kutoka shambani na dada yangu, panga begani. Akalichomeka panga shinani ili asimame vizuri pichani. Mimi nimeinama juu ya kamera, nawaambia wasogeleane. Nikaona uso wa shemeji umebadilika.

"Umenisahau?" Ntandu alimwuliza. "Sisi ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Kaka yangu ulimpiga mshale wa mgongo kwa ajili ya mizinga, ukakimbia. Leo unakula wali kisiwani?"

Ntandu alilichomoa lile panga. Pigo la kwanza lilikata mkono wa kushoto wa shemeji, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. La pili lilipasua bega. Dada alijitupa juu ya mumewe akipiga mayowe, mjamzito wa miezi saba, na Ntandu akaliinua panga juu yao wote wawili. Niliokota kasia la mtumbwi nikampiga kichwani. Akaanguka. Nikampiga tena. Mara ya tatu alikuwa hatikisiki, na bado nilimpiga. Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu halikuwa la kumwokoa mtu yeyote. Nilikuwa na hasira kwamba ameniharibia kwetu.

Tulimzika palepale chini ya mti. Hakuna aliyekwenda bomani. Shemeji alipona, mkono mmoja. Nilimwuliza kama maneno ya marehemu yalikuwa kweli, akasema, "Ni kweli, shemeji." Dada aliniomba ninyamaze, akasema watoto wake watakula nini baba akinyongwa na mjomba akafungwa. Nikanyamaza.

Itigi nilidanganya kwamba Ntandu amepata kazi huko akabaki. Watu waliamini. Lakini ana mama mzee, mwanawe mmoja alikufa kwa mshale, na huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Hushinda Jumapili mbele ya ubao wangu. Juzi alikuja, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaweka kidole juu ya ule mzinga.

"Hii alama ni ya kwetu," akasema, machozi yanamtoka, lakini anacheka. "Kumbe mwanangu amekwisha tundika mzinga! Mtu akitundika mzinga hajapotea, amekaa. Nipeleke, nikaketi naye chini ya huo mti hata siku moja."

Picha ile niliipiga kabla Ntandu hajaijua njia ya Ukerewe. Sikuweza kumwambia. Niliitikia tu, "Ndiyo mama."

Ndugu wasomaji, nikisema kweli namwua mama huyu, natia kamba shingoni mwa shemeji na mwangu, na dada anabaki na yatima. Nikinyamaza, likizo yangu inaanza baada ya wiki mbili, na yeye amekwisha funga mzigo wake, ameweka na kibuyu cha asali ya mwanawe. Mwenye busara anijibu upesi: nikishuka naye kwenye meli, nimpeleke wapi?