Dachesi alipotakiwa kufanyiwa oparesheni, rafiki yetu hakutaka apone

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Nimesoma uzi wa yule ndugu aliyeibiwa kuku na jirani yake nikakumbuka yaliyotukuta sisi miaka ya tisini. Sitatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mama mtu mzima sasa. Wakati huo nilikuwa msichana, nachapa barua kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na naishi Buxton, Mombasa, na baba yangu. Sisi ni Wataita. Mama alikuwa ameshafariki, na ndugu zangu wameoa, wameolewa, wametawanyika.

Baba alikuwa mpishi. Miaka mingi alimpikia mama mmoja wa Kizungu kule Tudor, na yule mama alipokata shauri la kurudi kwao, akamwachia Baba mbwa wake.

Jina lake Dachesi. Alikuwa greyhound, wale mbwa wembamba wa mbio, miguu mirefu, kiuno utadhani nyigu. Buxton nzima walidhani tunamnyima chakula. Watu walitusimamisha njiani kutusihi tumhurumie.

Baba hakujali. Tangu Mama aende zake, Baba alikuwa haongei sana, lakini na Dachesi aliongea. Nikirudi kazini nawasikia jikoni, yeye anakata vitunguu anamsimulia habari za hoteli, mbwa ametulia anamsikiliza.

Hoteli yenyewe ilikuwa Mwembe Tayari, alikopata kazi baadaye. Hapo ndipo alipokuwa Bwana Festo, mtu wa kukatisha tiketi za mabasi ya bara. Rafiki wa Baba, tunasali kanisa moja. Mama alipofariki alitusaidia sana, siwezi kumdhulumu kwa hilo.

Bwana Festo alimpenda Dachesi mno. Kila akija ana mfupa. Na kila akija anarudia ombi moja, kwamba Baba akubali Dachesi apandishwe na dume la rafiki yake, watoke watoto. Baba alikataa. Alisema mbwa ameshakuwa mtu mzima, aachwe apumzike.

Basi, Dachesi akaanza kuugua.

Anakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi. Chakula hataki. Tumbo likavimba, na nyuma anatoa uchafu wenye harufu mbaya.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo aliyekuwa na kliniki ndogo upande wa Mji wa Kale. Tulikwenda kwa miguu asubuhi mapema, maana hakuna matatu ingetupakia. Akina mama wenye buibui walituona kwa mbali wakavuka barabara. Hawakututukana, walivuka tu.

Nitamwita Daktari Suleiman. Mtu wa makamo, mtaratibu, Mswahili wa hapo hapo. Alimpapasa tumbo akasema kizazi kimejaa usaha, kisipotolewa mbwa atakufa. Alimdunga sindano ya kupunguza usaha. Halafu akasema hawezi kumpasua siku hiyo.

Baba akauliza kwa nini, kama hali ni mbaya hivyo.

Akatueleza kwamba mbwa wa aina hii hana mafuta mwilini, na dawa ya usingizi aliyo nayo, inayowafaa mbwa wengine, huyu inaweza kumlaza asiamke. Itabidi aagize nyingine kwa mwenzake wa Nyali. Tumlete keshokutwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo asile kitu, na asubuhi asipewe hata maji.

Wakuu, mimi sikuridhika. Daktari anasema mgonjwa anakufa, halafu anasema subirini?

Jioni Bwana Festo akaja, akasikia habari. Akatikisa kichwa. Akasema kwa upole kabisa kwamba hilo ni joto tu la jike anayetaka dume, litapita. Kisha akamwinamia Baba akamwambia:

"Mzee mwenzangu, fikiria mwenyewe. Muislamu yule, mbwa kwake najisi. Atamgusa kwa moyo gani? Anatafuta pa kumalizia huyo mbwa."

Maneno yale yaliniingia. Na Baba pia, nilimwona. Alibaki anamkuna Dachesi sikio.

Hata hivyo siku ilipofika tulimpeleka. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilala na njaa, mimi mwenyewe nilivitoa vyombo vyake jikoni alikokuwa akilala.

Daktari alikuwa ameshavaa aproni, sindano iko tayari. Dachesi akacheua, akatapika pale sakafuni. Vipande vya matumbo ya mbuzi, vimepikwa, havijasagika hata kidogo.

Daktari aliweka sindano chini. "Mzee, nilikwambia asile. Nikimlaza hivi, chakula kitapanda kiingie mapafuni. Ungemuua wewe, na lawama ningebeba mimi."

Baba aliapa kwa Mungu hakumlisha. Daktari akamtazama, akanitazama mimi. Nikajua daktari hatuamini. Na mimi simwamini yeye. Nilijiuliza kama si yeye aliyempa kitu tulipokuwa tunangoja nje, lakini mbwa hakutoka mkononi mwetu hata dakika moja.

Akatuambia tumwache alale pale kliniki ili amwangalie mwenyewe. Baba akakataa katakata. Maneno ya Bwana Festo yalikuwa yanafanya kazi.

Nikajikuta nimemuuliza daktari waziwazi kama si vibaya kwake kushika mbwa.

Hakukasirika. Alikuwa ananawa mikono. "Kunawa nimefundishwa tangu utotoni, binti. Kilichonishinda kufundishwa ni kumtazama kiumbe akifa. Mleteni kesho. Mkingoja hadi keshokutwa, sitakuwa na haja ya kisu."

Njiani Baba alisema tu kwamba kesho tutarudi naye.

Sikwenda kazini siku ile. Nilikaa ukumbini nikimshuku kila mtu. Nilimshuku zaidi jirani yetu Bi Mwanaisha, maana ndiye aliyekuwa akilalamika siku zote kwamba mbwa wetu anapita karibu na mlango wake. Nikasema huyu ametaka kumtilia sumu.

Mchana akaniita mwenyewe kutoka barazani kwake.

"Mwanangu, mimi mbwa wenu simuwezi, wajua. Lakini huyu rafiki ya babako, leo baada ya adhana ya alfajiri alikuwa atafuta nini mlangoni penu pa nyuma?"

Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo bovu. Ukijua pa kusukuma, linaachia. Bwana Festo alijua, alikuwa akiingia hapo miaka yote. Na Dachesi hawezi kumbwekea mtu anayemletea mifupa.

Sikumwambia Baba. Nilitaka nione kwa macho.

Jioni, saa ya chakula cha Dachesi imepita na hajapewa kitu, Bwana Festo akaja kutupa pole. Akakaa. Mkono mmoja hautoki mfukoni mwa koti, na Mombasa ile, wakuu, nani huvaa koti? Dachesi, mgonjwa alivyo, aliinuka akaenda kunusa mfuko ule.

Nikamwambia, "Bwana Festo, toa kilichomo."

Alicheka kidogo. Baba akanikemea, akasema huyo ni mgeni. Nikarudia. Mbwa alikuwa amesukuma pua yake mpaka karatasi ya nailoni ikatokeza. Matumbo.

Baba akamuuliza polepole, "Ni wewe?"

Kwanza alisema alimwonea huruma kwa njaa. Halafu, Baba alipoendelea kumtazama bila kupepesa, akapandwa na hasira, ikamtoka:

"Sasa wakimtoa kizazi, atanifaa nini?"

Atanifaa. Yeye Festo, kana kwamba mbwa ni wake.

Baadaye tulisikia kwamba alikuwa ameshawaahidi watu wa bara watoto wa mbwa. Wawindaji, wanaotaka mbwa wa mbio. Kila msafiri mwenye shauku aliyepita dirishani pake pa tiketi alimwahidi mmoja.

Baba hakupaza sauti. Alisimama, akafungua mlango wa mbele, akasema, "Festo, kwaheri." Basi.

Kesho yake Dachesi alipasuliwa. Daktari alituruhusu tukae mle ndani; nadhani alijua tusingetoka hata angetufukuza. Kizazi alichokitoa kilikuwa kimevimba kama soseji mbili nene. Nilipokiona nilijua hakuna joto la jike pale.

Alimzungushia chupa za maji moto na blanketi, joto lote lile la Mombasa, maana mbwa asiye na mafuta hupoa haraka akilala. Dachesi alipozinduka alipiga ukelele mpaka watu wakasimama nje. Baba alipiga magoti akamshika kichwa, akamsimulia habari za hoteli.

Tulimrudisha kwa mkokoteni, juu ya godoro la Mama.

Kumuuguza ndiko kulikokuwa kazi. Ngozi yake nyepesi kama karatasi, akilala sakafuni inachubuka. Anataka kulamba mshono. Baba alikata tundu kwenye kitako cha ndoo ya plastiki akamvika shingoni, na mwilini akamvalisha fulana yake ya kazini. Chakula alimlisha kwa mkono, na hakukubali mtu mwingine apike, hata mimi.

Nyuzi zilipotolewa Dachesi alikuwa ameshaanza kukimbia uani. Aliishi nasi miaka kadhaa baada ya hapo.

Na Bwana Festo? Siku moja baada ya misa alimjia Baba, akampa mkono. Baba akaupokea. Akamuulizia hata watoto wake. Mimi nilikasirika, njiani nikamuuliza Baba amewezaje.

Akaniambia, "Nimemsamehe, mwanangu. Lakini kesho tununue kufuli la mlango wa nyuma, na funguo ukae nazo wewe."

Nililojifunza wakuu: mtu akikushauri mgonjwa wako asitibiwe, kabla hujamshuku daktari, tazama yeye atapoteza nini mgonjwa akipona. Sisi tulimshuku mtu kwa dini yake, na mwenye nia mbaya tunakunywa naye chai.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kutendwa na rafiki wa nyumbani aseme, na mliowahi kuuguza mbwa wa mshono mtuambie mliwezaje. Na mnaotaka kunicheka kwa kulia sababu ya mbwa, chekeni tu.