Kabla Vidole Havijafunga

Mke wangu alikuwa mpiga gitaa. Naanza na hilo kwa sababu kwenye mazishi walisema alikuwa mshonaji hodari, mlezi, jirani mwema. Yote kweli. Lakini hakuna aliyetaja gitaa, na mimi si mtu wa kusimama mbele za watu.

Alifundishwa na mjomba wake, uani, kwa siri. Mama yake alidhani anakwenda kumfulia mjomba nguo. Nguo nazo zilifuliwa, maana mjomba hakuwa mjinga.

Nilipomkuta alikuwa kwenye bendi ya ukumbi mmoja, anapiga gitaa la kati. Mpiga solo ndiye anayeshangiliwa. Wa kati anashikilia nyumba isianguke. Wenzake walimwita Cherehani, kwa jinsi mkono wake wa kulia ulivyokwenda bila kuruka mshono.

Mimi ni fundi wa vanishi. Nilikuwa nimepaka sakafu ya jukwaa, nao wakaja kufanya mazoezi kabla haijakauka. Nikasimama mlangoni. Wanaume wakanifokea. Yeye akachungulia, akavuta pumzi.

“Fundi, hii harufu! Unataka tupige muziki au tulewe?”

“Nataka msikanyage.”

“Maneno mawili tu? Mengine umeyaacha nyumbani?”

Tulioana kabla sijapata jibu.

Bendi ilivunjika binti yetu akiwa bado ananyonya. Gitaa lilikuwa mali ya mwenye ukumbi, likabaki kwake. Mke wangu akaanza kushona sare za shule. Jina lilikuwa limemtangulia kazini. Hakunung'unika. Lakini redio ikileta nyimbo za zamani, mguu wake ulisimama kwenye pedali, na vidole vya kushoto vikaanza kutembea juu ya kitambaa. Wimbo ukiisha anaendelea kushona. Nililiona hilo miaka nenda miaka rudi, na kila mara nikasema moyoni nitamnunulia. Lakini leo paa linavuja, kesho mtoto anaumwa. Ndivyo tulivyozeeka.

Vidole vyake vikaanza kukaza. Asubuhi alivitia kwenye bakuli la maji ya moto, akivinyoosha kimoja kimoja. Daktari hakuzunguka: dawa zitapunguza maumivu, lakini vidole vitazidi kukunjana. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, “Basi sitapiga tena.”

Tangu bendi ivunjike hakuwahi kulitaja gitaa.

Kesho yake nikaenda soko la vitu vilivyotumika. Nikalikuta gitaa la umeme limelala kati ya pasi na feni mbovu. Lilikuwa limepakwa rangi ya mlango, kijani, na nywele za brashi zimegandia humo. Nikalileta nyumbani.

Akaliweka mapajani, akafumba jicho moja, akapima shingo.

“Shingo imenyooka. Lakini mwili huu umepakwa rangi na mtu mwenye hasira.”

Tukamwita Waya, fundi redio, rafiki yangu tangu ujana. Huyo husema gitaa la umeme ni redio isiyo na stesheni. Chini ya nyuzi kuna vinasa sauti, vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Ndivyo vinavyozisikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Waya akachomeka. Kinasa kimoja kilikuwa kimekufa. Cha pili kilisikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

“Shemeji, hivi ni vya kuzika,” akasema. “Nitatafuta vipya. Unapenda sauti gani?”

“Kavu. Kila uzi usikike peke yake. Sitaki uji.”

“Uji hapana. Na rangi?”

“Rangi muulize mume wangu. Ila mimi nataka kuuona mti.”

Nikafungua skrubu, nikatenga shingo na mwili. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe nyeusi. Nikakwangua kwa kipande cha kioo, nikapiga msasa, mti ukatokea, rangi ya biskuti. Vinasa vipya vilikuwa vipana kuliko vya zamani, nikavipanulia nafasi kwa patasi. Halafu nikaziba matundu. Kwetu sisi mafundi wa samani, tundu ni aibu. Liwe la msumari, la mdudu, la skrubu ya zamani, nilijaza vumbi la mbao na gundi hadi ukipitisha kidole hujui palikuwa na nini. Kisha vanishi kwa kitambaa. Tabaka jembamba, likauke, msasa wa maji, tabaka jingine.

Hapo ndipo pakawa na maneno. Vanishi haikimbizwi, na vidole navyo havikungoja. Alikuwa akijifunga vifungo vya gauni mwenyewe. Sasa nikawa namfunga mimi.

Akaja uani, akagusa mbao.

“Bado inanata?”

“Bado.”

“Bwana wee, kati yangu na mbao hii, nani atakauka kwanza?”

Nikacheka. Halafu sikucheka. Nikapunguza matabaka. Sijawahi kumfanyia hivyo mteja yeyote.

Waya akaja na vinasa. Akalehemu nyaya, tukarudisha shingo, tukafunga nyuzi, akachomeka. Gitaa likanguruma kama friji mbovu. Akazima feni. Akazima taa. Akahamia soketi nyingine. Akaulaumu umeme wa mtaa, akamlaumu aliyemuuzia vinasa, akapita hadi kwa wazazi wa muuzaji. Akafungua, akalehemu upya. Ngurumo ileile.

“Nivirudishe dukani,” akasema. “Watabadilisha mzigo mwingine ukija.”

“Mzigo unakuja lini?”

“Shemeji, mzigo ni mzigo. Mwezi, miezi.”

Mke wangu akautazama mkono wake wa kushoto. Mimi nikatazama ukuta.

“Hebu nipeni,” akasema.

Akaweka kiganja juu ya nyuzi. Akakiondoa. Akakiweka tena.

“Vinasa havina kosa. Gitaa lenye afya likinguruma, ukilishika linanyamaza, kama mtoto aliyebebwa. Hili halijui kama nimelishika.”

Waya akajipiga paji la uso. “Waya wa ardhi! Niliukuta umekatika, nikautoa. Na mpya nimeusahau. Unatoka huku kwenye vifundo vya kuongezea sauti, unapita ndani ya mbao, unakwenda kugusa chuma kinachoshika nyuzi. Lazima kuna kitundu.”

“Kilikuwepo,” nikasema.

“Sasa kiko wapi?”

“Nimekiziba.”

“Umekiziba?”

“Vizuri sana.”

Mke wangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. “Jamani, mwanamume huyu! Kampamba bibi harusi hadi kamziba masikio!”

Ikabidi kutoboa upya, kwa mshazari, ndani kwa ndani, kutoka chini ya chuma hadi kwenye vifundo. Keke ikienda kombo itatokea mbele, ipasue kila kitu. Nikasema tungoje. Seremala mwenzangu alikuwa na keke nyembamba zaidi, ila alikuwa safarini.

“Toboa,” akasema mke wangu.

“Nitalipasua.”

“Nitapiga lililopasuka. Toboa, baba.”

Tukafungua nyuzi. Akaubana mwili wa gitaa kwa viganja, maana vidole havikuweza tena kushika kwa nguvu. Waya akainama kunielekeza.

“Kushoto. Kushoto kidogo. Aa, huko sasa unachimba kisima.”

Keke ilifika. Si mahali pake hasa, lakini ilifika. Ilirusha ganda la vanishi ukubwa wa ukucha, upande wa mbele. Mimi niliona hilo tu. Wao hata hawakuliangalia. Waya akapitisha waya wake, akalehemu, tukafunga nyuzi, akachomeka. Ngurumo ikaanza, ndogo. Mke wangu akaweka kiganja. Kimya.

“Limenijua,” akasema.

Akaanza. Kidole cha pete kilikataa kubonyeza. Akakilazimisha, kikakataa. Akakiacha hewani kama mgeni asiyejua akae wapi, akatumia vilivyobaki, akitafuta vichochoro vya kufikia pale alipozoea kufika kwa barabara. Alikosea, akajitukana. Akakosea tena. Halafu mkono wa kulia ukashika mwendo. Wa kushoto ulikuwa wa mwanamke mzee. Wa kulia ulikuwa wa yule msichana wa mlangoni, vilevile, haukupungua.

Hapakuwa na solo, wala mwimbaji, wala ngoma. Ilikuwa sehemu yake tu, ile ya kati. Ukumbini niliisikia kila mara ikiwa imefunikwa na wengine. Nimeishi naye maisha mazima na sikuwa nimeisikia yenyewe. Nyuzi zilitoka kavu, moja moja, kama alivyotaka.

Waya alikuwa ameshika bisibisi na amesahau kuiweka chini.

Mke wangu akainua macho.

“Unalia?”

“Moshi wa lehemu.”

“Basi Waya azime lehemu yake,” akasema, “nipige tena.”

Akapiga tena. Akapiga na siku zilizofuata, kidogo kidogo, mpaka mvua zilipokwisha na vidole vikafunga.