Vidole vya Fundi wa Bunduki

Fundi wa bunduki wa Ipuli hakuwahi kulazimisha skrubu. Aliipasha joto kwa kiganja mpaka ikalegea. Vipande alivipanga kitambaani kuanzia kulia, kama aandikaye Kiarabu, ili wakati wa kuvirudisha asihitaji macho.

Mwanahawa alimletea bastola kuukuu ya mumewe. “Ifungue, fundi, usiirudishe. Kesho lori linatuhamishia kijiji cha Ujamaa, na baba watoto ameapa atampiga dereva risasi.”

Akaifungua yote. “Mwaka jana ni mimi niliyemtengenezea,” alisema taratibu, akimtazama yule mama. “Laiti ningeiacha na kutu yake.”

Alipoinamisha macho, bastola ilikuwa nzima; vidole vilikuwa vimeshairudisha. Akaifungua upya, safari hii akiitazama, kisha akavivuruga vipande vyote kwa kiganja.