Mahadhi ya Chumba cha Nyuma

Koti Mbili hakupewa jina hilo kwa sababu ya mavazi. Alikuwa fundi rangi, na katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kukubali kuuacha ukuta na koti moja ya rangi. Mteja akimwambia, "Fundi, hapo panatosha," yeye hujibu, "Panatosha kwa leo, mama. Mimi napaka na ya mwakani." Wateja wapya waliotajiwa jina hilo kwa simu walitarajia kumwona mtu anayeona sana baridi. Akatokea bwana mwembamba mwenye kofia iliyoganda rangi, brashi mfukoni, na maneno machache.

Na hakuwa mtu wa nyimbo hata kidogo. Kwenye sherehe alipiga makofi nje ya mdundo mpaka mkewe anamkanyaga mguu kwa siri. Mkewe alikuwa msusi, na kwenye saluni yake redio haikuzimwa tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hakuna wimbo uliompita. Watu wawili hao walikuwa wameishi miaka mingi kwa amani, mmoja akiimba na mwingine akinyamaza.

Mambo yalianza Jumatatu moja, alipoitwa na mkunga mstaafu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Mkunga alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuamrisha iliyobaki kutoka wodini. Alitaka apakiwe chumba kimoja tu, cha nyuma.

"Ni cha nani, mama?" Koti Mbili aliuliza, akitaka kujua achanganye rangi gani.

"Cha wageni."

"Wanakuja lini?"

"Sina wageni, fundi. Wewe paka."

Mlango wa chumba hicho ulikuwa umevimba, ukakwangua sakafu ulipofunguliwa. Ndani palikuwa na kitanda cha chuma kisicho na godoro, maboksi ya magazeti, na dirisha moja lenye nondo, mojawapo imepinda kama kiwiko. Ukuta ulikuwa na rangi ya maziwa iliyobabuka kwa unyevu, na chini yake rangi ya bluu ya zamani, ile ya chokaa, inayobaki mikononi ukiigusa. Alitoa maboksi, akatandika turubai, akachukua kikwaruzo na kuanza kubandua. Ilikuwa saa tatu kasoro asubuhi. Anakumbuka kwa sababu alitazama saa ajue kazi ya kubandua peke yake itamla muda gani.

Mkunga alimletea chai saa nne. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akainama kwa taabu na magoti yake mabovu, akaweka kikombe sakafuni, akasimama kidogo kama mtu anayesikiliza jambo. Kisha akaondoka.

Jioni, Koti Mbili alikuwa ananawa bombani nyumbani kwake mkewe alipotoka na taulo, akasimama.

"Umeanza lini kuimba?"

"Nani kaimba?"

"Wewe. Tangu uingie getini unavumisha wimbo, mdomo umeufumba. Na tena hukosei."

Alibisha. Lakini alipoketi kula alijikuta anafanya vilevile, sauti inatoka puani yenyewe, taratibu, inapanda mara mbili, inashuka, inapanda tena, halafu inakatika ghafla pale unapotegemea iendelee. Mkewe aliweka kijiko chini.

"Huo wimbo siujui," alisema. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa jambo la kumnyima usingizi. "Nani kakufundisha?"

"Sijafundishwa na mtu. Nimeshinda na ukuta."

"Huo ukuta una miaka mingapi? Na anavaa gauni la rangi gani?"

Walicheka. Jumanne hawakucheka sana, kwa sababu wimbo ulirudi naye, na kila mara ulikatika palepale. Mkewe alimwomba aumalizie. Alijaribu. Akafika pale, sauti ikakatika, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi gizani na mguu ukakanyaga hewa.

Jumatano jioni mkewe alitoa simu. "Kuna kitu wateja wangu wanatumia. Unaivumishia simu wimbo, inakutafutia ni upi. Sogea."

"Mimi niimbie simu? Majirani watasema nini?"

"Watasema umepata akili. Vumisha."

Alivumisha. Kwenye kioo duara likawa linapanuka na kujikunja kama kitu kinachopumua. Lilichukua muda mrefu, mpaka mkewe akawa anataka kulizima. Kisha likatokea jibu moja tu. Haukuwa wimbo wa msanii yeyote. Ilikuwa sauti iliyopandishwa mtandaoni na mtu binafsi, imeandikwa "Mama akiwa msichana", na ilikuwa imesikilizwa mara kumi na moja. Mkewe aliibonyeza.

Kwanza mkwaruzo wa kaseti ya zamani. Kisha sauti ya msichana akivumisha, bila maneno, mahadhi yaleyale, kupanda mara mbili, kushuka, kupanda. Palepale ikakatika. Sauti ya msichana mwingine ikaita kutoka mbali, "Wee! Zima hicho kitu, unamaliza betri!" Kikasikika kicheko, kisha mlango ukikwangua sakafu. Basi.

Koti Mbili aliutambua mlango kabla ya kitu kingine chochote. Siku tatu alikuwa anaufungua na kuufunga.

"Rudisha kwenye picha," alisema.

Juu ya sauti hiyo palikuwa na picha ndogo, imepigwa kutoka kwenye picha ya karatasi. Msichana wa miaka kama ishirini ameegemea dirisha, nyuma yake ukuta wa bluu. Mkewe aliikuza kwa vidole. Kwenye dirisha, nondo moja ilikuwa imepinda kama kiwiko.

Mkewe alinyanyuka akaenda kuwasha taa ya sebuleni, ingawa ya pale walipokaa ilikuwa inawaka.

"Kesho usiende," alisema aliporudi.

"Ndoo zangu ziko kule."

"Basi tunaenda wote. Simu yangu haiendi kokote bila mimi."

Alhamisi asubuhi saluni haikufunguliwa. Mkunga aliwapokea jikoni, akashangaa kumwona fundi amekuja na mkewe aliyevaa kama anaenda msibani. Koti Mbili alitafuta namna ya kuanza, hakuipata. Mkewe akasema tu, "Shikamoo mama. Kuna kitu tunaomba usikilize," akaweka simu mezani.

Mkunga alisikiliza akiwa amesimama. Ile sauti ya "Wee! Zima hicho kitu" ilipotoka, alishika ukingo wa meza.

"Huyo ni mimi," alisema.

Walimketisha. Akamgeukia fundi. "Tangu Jumatatu nausikia. Nikakaa sebuleni nikajiambia, ni kichwa changu, uzee umeingia. Nilipoleta chai nikaona ni wewe unayeuvumisha, huku umenipa mgongo. Ndiyo maana sikuingia. Niliogopa nikiingia ungegeuka."

"Ningegeuka kuna ubaya gani, mama?"

"Sikujua ningeona sura ya nani."

Kisha akawaeleza. Chumba kile kilikuwa cha mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa. Wimbo aliutunga mwenyewe, hakuwahi kuutia maneno. Mdogo mtu alipopata mimba kabla ya ndoa, baba yao alimwambia aondoke, na alipotoka kwenda kuchota maji, baba alimwamuru mkunga atie komeo. Naye, dada mtu, akiwa na miaka ishirini na nne, alitia.

"Hakugonga," mkunga alisema. "Mtu mwingine angegonga. Alizunguka akakaa chini ya dirisha la chumba chake, akawa anavumisha huo wimbo, ili nijue bado yupo. Aliamini nitakuja. Nilikaa ndani kwenye kitanda chake, nausikiliza, tangu mchana. Jioni ukakatika katikati. Nilipofungua hakuwepo. Miaka thelathini na mitatu, fundi. Baba amekufa, mama amekufa, sijawahi kusikia habari yake. Nilishamzika moyoni."

Mke wa Koti Mbili alikuwa analia waziwazi. Lakini vidole vyake vya ususi vilikuwa kazini tayari. Chini ya ile sauti palikuwa na nafasi ya kuandika ujumbe, naye aliandika kwamba dada wa msichana aliye kwenye picha yupo, anamtafuta, namba ni hii.

Simu iliita kabla ya saa sita. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tahadhari tele. Mkewe alimweleza, kisha akaiweka kwa sauti kubwa ili mkunga asikie.

"Mama mkubwa?" ile sauti ikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mkunga kuitwa hivyo. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba simu inaona.

Mpwa alisema mama yake yu hai. Aliishi mji mwingine, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi, na alimlea mwanawe kwa kazi ya kushona. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka kabisa. Ilikuwa imepita miezi minane bila neno wala mguno. Kaseti na picha, ambazo mama yake alikuwa amemwazima rafiki kabla ya kufungiwa nje, mpwa alizikuta sandukuni akazipandisha mtandaoni, zisije zikapotea.

"Lakini kuna kitu kimetokea wiki hii," mpwa alisema. "Nilikuwa namwosha, akaanza kuvumisha ule wimbo. Nikaangusha beseni. Hajaacha mpaka leo. Na ule mkono wake mzima anakwaruza nao ukuta, juu chini, juu chini, kama anabandua kitu. Namshika, anaanza tena."

Koti Mbili alisogea karibu na simu. "Samahani, mwanangu. Alianza siku gani?"

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu haijafika."

Aliinuka akaenda kusimama uani. Mkewe alimfuata, akamkuta ameitazama mikono yake.

Mkunga aliondoka kesho yake kwa basi la alfajiri, na mkoba mdogo. Alimwachia fundi ufunguo, akasema, "Malizia chumba. Sasa nina mgeni." Koti Mbili angeweza kukataa, na mkewe alimwambia akatae. Lakini hakuwa amewahi kuacha ukuta nusu. Alipaka koti ya kwanza Ijumaa huku anavumisha, hajizuii tena. Ndani ya chumba kile alikuwa na hisia ya mtu anayefanya kazi huku mwenye nyumba amesimama nyuma yake. Jumamosi alasiri, akiwa juu ya ngazi, wimbo ukamtoka katikati, mbali na pale unapokatika siku zote. Alijaribu kuuanza upya. Haukuwepo. Alijua kwamba ulipanda mara mbili na kushuka, kama unavyojua umbo la nyumba uliyosahau njia yake. Baadaye alikuja kuambiwa kwamba alasiri ile ndipo mkunga alipofika na kukaa kitandani pa mdogo wake.

Mkunga alirudi na mpwa wake baada ya siku kumi, wakamleta mgonjwa kwa gari la kukodi. Koti Mbili alikuwepo kupaka fremu ya dirisha. Walimwingiza kwenye kiti cha magurudumu, mwanamke mdogo, mkavu, nywele zimesukwa vizuri, jicho moja limelegea. Alitazama kuta mpya, moja baada ya nyingine. Akatazama nondo iliyopinda. Kisha akamtazama fundi, na hakumwondolea macho.

"Shikamoo, mama," Koti Mbili alisema, akainama kumpa mkono.

Alimpa wa kushoto, ule mzima. Ulikuwa wa moto. Alipouachia ndipo alipoona kucha. Chini ya kila ukucha palikuwa na unga wa bluu, ile bluu ya chokaa ya zamani.

Mpwa aliona anapotazama. "Usijali, baba, siyo uchafu," alisema kwa aibu. "Kila siku namsafisha. Sijui anaupata wapi. Kule kwetu ukuta ni saruji tupu, haujawahi kupakwa rangi."

Koti Mbili hakumwambia mtu kitu siku ile. Alimalizia fremu, akakusanya brashi zake, akaaga. Mkewe alikuja kuelezwa baada ya wiki mbili, naye ndiye aliyenisimulia mimi, mteja wake, kichwa changu kikiwa mikononi mwake.

Dada wawili wale waliishi pamoja miaka minne. Mdogo alipata kurudisha maneno machache, na la kwanza, kwa mujibu wa mpwa wake mkunga, lilikuwa "fungua". Mkunga aliung'oa mlango wa chumba kile na bawaba zake, akaweka pazia. Jioni watu wanaopita nyuma ya nyumba waliwasikia wawili wakivumisha, mmoja vizuri na mmoja vibaya, na wimbo haukukatika.

Koti Mbili anaendelea na kazi. Anapaka maduka, madarasa, nyumba mpya zinazonukia saruji. Nyumba ya zamani anaifikiria kwanza. Akikubali kwenda kuiangalia, anasimama mlangoni, anauliza nani wa mwisho kulala humu, na aliondokaje. Wateja wanadhani ni maswali ya unyevu.