Mafuta ya Difu Kabla ya Safari ya Usenge

Selpha, mama anayenunua dagaa wa omena huko Usenge na kuwauza Kisumu, ndiye aliyetuletea habari. Alifika gerejini kwetu Obunga asubuhi moja ya Aprili 1991, leso yake imelowa mvua, na hakusalimu.

"Obeid ametuacha," alisema. "Aliswali alfajiri pale kwangu, akalalamika kifua, akajilaza. Hakuamka."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka yangu Obeid alikuwa ameenda Usenge jana yake kutengeneza injini ya boti ya huyo mama.

Walter Oduor, rafiki yake waliyeanzisha naye gereji, alitoka taratibu chini ya pikapu ya Obeid, mikono inachuruzika mafuta. Pikapu ilikuwa juu ya mawe, difu ya nyuma, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, haina mafuta. Na hiyo ndiyo gari pekee tuliyokuwa nayo ambayo ingepita njia ya Usenge katika mvua ile.

Kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Ilibidi Obeid aletwe nyumbani na azikwe siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama. Walter alilijua hilo. Kwao Wajaluo watu husubiri jamaa wafike kutoka kila mji, na miaka yote wawili hao walitaniana.

"Nyinyi mnazika mtu chai yake haijapoa," Walter alizoea kusema.

"Na nyinyi mnamkalisha mpaka anachoka na wageni," Obeid alimjibu.

Asubuhi ile hakuna aliyetania.

Kazi ya kaka yangu kwa sehemu kubwa ilitokana na ziwa. Wanunuzi wa samaki hurudisha pikapu kinyumenyume majini ili wapakie kutoka kwenye boti. Difu iliyopata moto barabarani ikizama ghafla hunyonya maji, na mafuta yake yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Meno ya gia huliwa, na siku moja gari linasimama porini. Obeid alimwambia kila dereva, "Kaa kwanza, tafuna muwa. Difu ipoe ndiyo uingie." Wachache walimsikia. Hata pikapu yake mwenyewe, aliyomwazima mtu wiki iliyotangulia, ilirudi na maji.

Kila mara Obeid alisema Bismillahi kabla ya kugusa spana. Alifungua bolti ya juu kwanza, ile ya kujazia, ndipo ya chini ya kumwagia, kwa sababu ya juu ikigoma wakati mafuta yameshamwagika, gari limekufa hapo. Kisha alingoja tone la mwisho. Mteja akinung'unika, aliletewa chai na mke wake Subira, ambaye jiko lake lilikuwa mlangoni mwa gereji.

Sasa Subira, tuliyemwita Mama Swaumu, alisimama pale, macho mekundu.

"Nijaze hii ya nyuma twende," Walter alisema. "Ya mbele tuiache."

"Ya mbele haikuingia ziwani?" Subira aliuliza.

"Iliingia."

"Basi fungua."

"Mama Swaumu, jua haitungoji."

"Na Baba Swaumu akikwama njiani ndani ya gari yake mwenyewe, utamwambia nini?"

Walter alicheka kidogo, akajifuta macho kwa kiwiko, akarudi chini. Bolti ya juu ya difu ya mbele iligoma. Alivalisha spana bomba refu, mimi nikagonga kwa nyundo, akavuta, nikagonga tena mpaka ikalegea. Alipofungua ya chini, mafuta yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Niliketi kando ya karai nikasoma Yasini kwa moyo huku yakidondoka, na hakuna aliyeniharakisha. Kisha Walter akapiga pampu ya mkono mpaka mafuta mapya yakafurika kwenye tundu la juu. Difu zote mbili, ya nyuma na ya mbele, zikawa zimejaa.

Pale Otonglo wachuuzi waliitambua pikapu, wakaipungia mkono bila kujua kwamba mwenyewe amefariki. Mbele ya Bondo lori lilikuwa limezama tope katikati ya barabara. Walter alishuka, akafunga vitovu vya magurudumu ya mbele ili yavute pamoja na ya nyuma, tukapita pembeni polepole. Tulimchukua kaka yangu kwa Selpha, na kurudi niliketi naye nyuma chini ya turubai. Nilitega sikio kwenye difu njia nzima. Haikulia.

Mungu ni mwema. Pikapu ile bado inakwenda Usenge, Walter na Subira wanaiendesha gereji, na siku hizi nawaona madereva wamekaa ufuoni wakitafuna muwa kabla ya kuingia majini.

Siku ile tulipofika, tulimuosha nyumbani, tukamvisha sanda. Subira alimwekea mkono kwenye paji la uso, akasema, "Nenda salama, Baba Swaumu." Tulimswalia baada ya alasiri. Walter alisimama nyuma ya safu, viatu mkononi. Kaburini tulimlaza kwa ubavu wa kulia, uso kwenye kibla, nami nikatupa viganja vitatu vya udongo. Walter alimtazama shehe. Shehe akampa koleo, naye akafukia mpaka mwisho. Tuliomba dua, tukaondoka. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa.