Majina Matatu na Namba ya Kupigiwa

Ijumaa iliyopita tulimzika kijijini Kinole mama mmoja aliyekata tiketi za mabasi ya njia ya Dodoma kwa miaka mingi katika stendi yetu ya Morogoro. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na barabara ya kupanda milima ya Uluguru ilikuwa utelezi mtupu; gari tulilokodi lilikwama mara mbili, tukasukumwa na wakulima waliokuwa wakishusha ndizi. Nilikwenda na mdogo wangu, ambaye hutembea kwa fimbo. Baada ya maziko, msemaji wa familia alisimama akaomba, kama ilivyo desturi, kwamba kama marehemu alimkosea mtu yeyote, basi asamehewe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Mdogo wangu hakutosheka na kuitikia. Aliinua fimbo yake akasema, "Mimi alinikosea jina kwenye tiketi, nikateseka sana. Leo nimemsamehe, mbele ya Mungu na mbele yenu." Watu wakamwombea heri. Nilisimama kando yake, nikijua fika kwamba marehemu hakumkosea chochote. Nikatazama viatu vyangu vilivyojaa matope, nikanyamaza. Nilishawahi kunyamaza hivyo zamani, mbele ya mama huyohuyo akiwa hai.

Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka. Enzi zile tiketi ziliandikwa kwa kalamu, kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, na wakataji wengine waliandika lolote: Juma, Mama Wawili, Fundi. Dirishani kwake ulitaja majina matatu, kisha namba ya mtu wa kupigiwa. Foleni ilifika kwenye vibanda vya chai. "Huyu anakata tiketi au anafungisha ndoa?" watu walinung'unika. Naye bila kuinua macho alijibu kwa lafudhi yake ya mlimani, "Ndoa ina mashahidi, baba. Wewe hapa shahidi wako ni hii karatasi." Alijua jambo ambalo wengi hatukulijua, kwamba bima ya basi inamhusu pia abiria aliyeketi ndani yake. Mimi na kidato changu cha nne nilidhani kile kibandiko cha bima kwenye kioo cha mbele ni cha kuwaridhisha askari wa barabarani. Hata kwenye safu hii niliwahi kumtania, nikamwita mtabiri wa ajali, na barua za kunipongeza zikaja.

Siku moja ya gulio la Gairo, mdogo wangu, aliyekuwa akifanya biashara ya karanga, alikuwa anapakia magunia yake matupu. Akanituma nimkatie tiketi.

"Jina la msafiri?" mama akauliza.

"Andika Mzee," nikasema, jina la utani tulilomwita nyumbani.

"Mzee nani, kaka yangu? Wazee wamejaa duniani."

"Mzee anatosha. Basi linaondoka."

"Na namba ya mtu wa kupigiwa?"

"Apigiwe aambiwe nini?"

"Likitokea la kutokea."

"Acha uchuro, mama! Mtu hajapanda gari, wewe umeshamlaza wodini?"

Foleni nzima ikacheka, nami nikajiona nimesema la maana. Alinitazama kidogo, akaandika Mzee, akapiga mstari pale pa namba. "Haya. Mungu amfikishe," akasema.

Basi lilipinduka kabla ya kufika Gairo. Mdogo wangu alivunjika paja na kupoteza fahamu, akalazwa siku mbili bila mtu yeyote kujua ni nani, kwa kuwa mfukoni alikuwa na tiketi tu, na tiketi ilisema Mzee. Sisi nyumbani Kihonda tulidhani amechelewa gulioni. Tulipompata na kuanza kufuatilia fidia, kampuni ya bima ikauliza swali la haki kabisa: huyu Mzee ni nani, na tutajuaje kwamba ni huyu mwenye miaka thelathini na tano? Mguu ulihitaji chuma, na familia ilikuwa imeshauza hadi baiskeli. Mdogo wangu aliponiuliza kwa nini tiketi haina jina lake, nilijibu kwa neno moja lililonitoka kabla sijafikiri: "Aliyeandika ni yule mama."

Yule mama alikuja kumwona hospitali, na kikapu cha machungwa kichwani. Mdogo wangu akageuzia uso ukutani. "Umeniua mara mbili, mama. Gari liliniua, na wewe ukaniua," akasema. Mama akanitazama mimi, kwa utulivu uleule wa dirishani, akisubiri. Angeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kabla yake. Aliweka machungwa chini ya kitanda, akasema, "Poleni sana," akatoka. Wiki hiyohiyo alikwenda mwenyewe polisi na kwenye bima, akaandika maelezo kwamba alimwona mdogo wangu kwa macho yake akipanda na tiketi ile, na kwamba ni yeye aliyekata tiketi bila jina kamili, jambo ambalo hakupaswa kulikubali. Kila neno lilikuwa kweli. Fidia ikatoka, chuma kikawekwa, ingawa mguu ulikuwa umeshachelewa. Tajiri wa basi alimwondoa dirishani, akampeleka kupima mizigo, na huko alibaki mpaka alipostaafu. Kila nilipopita stendi nilizunguka upande wa pili.

Nimewaza mengi juu yetu sisi watu wa huku. Harusi tunaiundia kamati miezi sita kabla, na anayechelewesha mchango anasutwa. Lakini ugonjwa tunaupitishia bakuli mtu akiwa ameshalazwa, na nyumba tunajenga kandokando ya maji yanayoshuka kutoka Uluguru huku tukisema bima ni mambo ya matajiri. Hatukosi huruma. Tunaogopa tu kuitaja shari kwa jina lake, tukidhani itatusikia. Kumbe shari haingoji kuitwa. Yule mama aliitaja mchana kweupe, mbele ya foleni inayomcheka, kwa sababu alitaka abiria wake awe na wa kumkimbilia.

Tulipokuwa tunashuka kutoka Kinole, nilimwambia mdogo wangu yote. 

"Wewe ndiye uliyesema Mzee?"

"Ni mimi."

"Na pale hospitali ulikuwa umesimama."

"Nilikuwa nimesimama."

Akampiga dereva begani. "Geuza gari."

"Mzee wangu, na utelezi huu?"

"Geuza, au nitapanda kwa mguu huuhuu."

Tukarudi. Watu walikuwa bado wanakula wali wa msibani. Mdogo wangu akasimama uani akasema, "Niliyosema makaburini nayafuta. Mama yule hakunikosea. Mwenye kosa ni huyu hapa, kaka yangu, na yeye bado sijamsamehe." Nikasimulia mwenyewe, mbele ya wote, kama nilivyowasimulia ninyi. Hakuna aliyenitukana; wangenitukana ingekuwa afadhali. Dada wa marehemu, bibi aliyepinda mgongo, aliniletea sahani ya wali, akakaa karibu nami na daftari la msiba.

"Tutakuita kwenye arobaini," akasema. "Jina?"

Nikamtajia majina matatu.

"Na namba ya mtu mwingine wa kupigiwa, kama wewe hupatikani?"

Nikampa ya mdogo wangu. Yeye alikuwa ameketi ng'ambo ya ua, amenipa mgongo, lakini nilipokosea tarakimu ya mwisho aliisahihisha bila kugeuka.

Msomaji wangu, ukifika dirishani, hata kama siku hizi ni mashine inayokuuliza, usione uvivu na usione uchuro. Taja jina lako lote, na la atakayekuja kukutafuta. Na kama umemkosea aliyekuuliza, mwombe radhi angali yupo dirishani.